Tiba ya Mjongeo wa Macho na Uponyaji wa Kiwewe

Siku ya Jumatano, tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha la Jeshi la Wananchi wa Tanzania katika kambi ya Mbagala lililipuka. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilibomoka au kupata nyufa. Wazazi walikimbilia upande mmoja na watoto upande mwingine. Kabla miaka miwili haijatimia, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, milipuko ya namna hiyo ilitokea Gongo la Mboto, na maelfu ya waliokimbia makazi yao walipewa hifadhi katika Uwanja wa Uhuru, hapa hapa Temeke.

Nyufa za kuta ziliweza kuonekana, kuhesabiwa na kuzibwa. Madhara ya nafsini hayakuwa na mthamini. Wapo wakazi wenzetu ambao hadi leo, gurudumu la lori likipasuka katika barabara ya Kilwa, hujikuta wamekwisha kujitupa chini kabla ya kufikiri. Wapo pia ambao hawakuwapo siku hiyo, lakini wanabeba yao: aliyenusurika katika ajali ya bodaboda, aliyeunguliwa na nyumba usiku, aliyefanyiwa ukatili ndani ya nyumba yake mwenyewe, mama aliyemwona mtoto akisombwa na maji ya mvua. Makala haya yanaeleza mojawapo ya tiba zinazotambulika duniani kwa watu wa namna hiyo, iitwayo tiba ya mjongeo wa macho, na namna mkazi wa kata anavyoweza kuanza kutafuta msaada.

Kiwewe ni nini

Kuogopa baada ya tukio la kutisha si ugonjwa. Ni kazi ya kawaida ya mwili unaojilinda. Katika siku za mwanzo mtu anaweza kukosa usingizi, kulia bila sababu ya karibu, kupoteza hamu ya chakula, au kurudia kusimulia jambo lile lile. Kwa walio wengi hali hiyo hupungua yenyewe kadiri siku zinavyopita, hasa pale wanapokuwa na ndugu, majirani na usalama.

Kwa baadhi ya watu, hata hivyo, hali hiyo haiondoki. Ukipita mwezi mmoja na bado mtu anasumbuliwa kiasi cha kushindwa kazi, masomo au maisha ya nyumbani, wataalamu huanza kuchunguza kama amepata ugonjwa wa kiwewe. Dalili zake huangukia katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni tukio kujirudia: ndoto mbaya, au picha zinazokuja mchana kwa nguvu kana kwamba jambo linatokea sasa hivi. La pili ni kukwepa: mtu haipiti tena njia ile, hapandi tena pikipiki, hataki jina la marehemu litajwe. La tatu ni kuishi katika tahadhari isiyokoma: kushtuka kwa kishindo kidogo, hasira za ghafla, usingizi mwepesi, moyo kwenda mbio.

Watoto huonyesha kwa njia nyingine. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaweza kurudia. Mwingine hucheza mchezo mmoja tu, wa moto au wa ajali, siku nenda siku rudi. Mwingine huporomoka darasani, na mwalimu akadhani ni uvivu.

Mara nyingi jamii huzipa dalili hizi majina mengine: fulani ana kiburi, fulani ana mashetani, fulani ni mwoga, fulani amekuwa mlevi. Majina hayo humzidishia mgonjwa aibu, na aibu humfungia ndani. Kiwewe si udhaifu wa imani wala wa tabia. Kimewapata askari, wauguzi na viongozi wa dini, sawa na watu wengine.

Kwa nini kumbukumbu haipoi

Kumbukumbu ya kawaida huwa na mahali na wakati wake. Ukikumbuka arusi ya dada yako unajua ilikuwa mwaka fulani, mahali fulani, na kwamba imekwisha. Tukio la kutisha linaweza kuhifadhiwa vibaya. Katika hofu kubwa, sehemu ya ubongo yenye kazi ya kupiga mbiu ya hatari hutawala, na ile inayopanga mambo kwa wakati na mahali huzidiwa. Kinachobaki ni vipande: mlio, harufu ya moshi, rangi ya kanga, maumivu ya bega. Vipande hivyo havina alama ya kusema kwamba jambo limepita. Kikiguswa kimoja, mwili wote huitikia kana kwamba hatari imesimama mlangoni.

Ndiyo maana kumwambia mgonjwa asahau hakumsaidii. Hakumbuki kwa kupenda. Anachohitaji ni kumbukumbu hiyo kupangwa upya, ili ibaki kuwa habari ya zamani, inayohuzunisha pengine, lakini isiyomtawala.

Chimbuko la tiba hii

Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, alikuwa akitembea katika bustani huku akiwaza mambo yaliyomsumbua. Aligundua kwamba mawazo hayo yalipungua makali wakati macho yake yalipokuwa yakienda haraka upande mmoja na mwingine. Alianza kulijaribu jambo hilo kwa watu wengine, na mwaka 1989 alichapisha utafiti wake wa kwanza, uliohusisha watu 22 waliokuwa na kumbukumbu za matukio mabaya. Tiba iliyotokana na hapo hufahamika duniani kwa herufi nne: EMDR.

Wataalamu wengi waliipokea kwa mashaka, na mashaka hayo yalikuwa na sababu, kwa kuwa jambo lilionekana rahisi mno. Tafiti nyingi zilifuata. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake kuhusu matatizo yatokanayo na msongo mkubwa, liliiweka tiba hii miongoni mwa zile zinazopendekezwa kwa watu wazima, vijana na watoto wenye ugonjwa wa kiwewe. Iliwekwa bega kwa bega na tiba ya mazungumzo inayolenga kubadili fikra na mwenendo baada ya kiwewe.

Kinachofanyika katika chumba cha tiba

Tumfikirie mama lishe mmoja wa Mbagala, ambaye ni mfano tu na si mtu halisi. Tangu milipuko ya mwaka 2009 hawezi kukaa karibu na mtungi wa gesi. Anapika kwa mkaa hata pale gharama inapomshinda, na kila radi inapopiga humkumbatia mtoto kwa nguvu hadi mtoto analia. Je, mtaalamu angemfanyia nini?

Tiba ina hatua nane. Katika ya kwanza mtaalamu huuliza historia yake na kuchunguza kama tiba hii inamfaa. Katika ya pili humwandaa. Humweleza kitakachofanyika, humfundisha namna ya kujituliza, na hukubaliana naye ishara ya kusimamisha kazi wakati wowote, kwa mfano kuinua mkono. Hatua hii haipaswi kuharakishwa, kwa sababu mtu asiye na namna ya kujituliza anaweza kuzidiwa.

Katika hatua ya tatu huchaguliwa kumbukumbu moja. Mama huyo huulizwa picha iliyo mbaya kuliko zote, pengine ni ya mlango uliofungwa na mtoto akiwa ndani. Huulizwa pia picha hiyo inamwambia nini kuhusu nafsi yake. Anaweza kujibu, "Mimi ni mama niliyeshindwa." Kisha huulizwa angependa kuamini nini badala yake, labda, "Nilifanya nililoweza." Hupima uzito wa usumbufu wake kwa kutaja namba kutoka 0 hadi 10, na hueleza anaousikia wapi mwilini.

Hatua ya nne ndiyo iliyoipa tiba jina lake. Mama huishika picha hiyo akilini, na wakati huo huo hufuata kwa macho kidole cha mtaalamu kinachokwenda kushoto na kulia kwa takriban nusu dakika. Mtaalamu husimama, humwambia apumue, kisha huuliza, "Nini kinakuja sasa?" Mama hutaja kwa maneno machache: sauti, hasira, machozi, uso wa jirani aliyemsaidia. Macho huanza tena safari yake. Mzunguko huo hurudiwa mara nyingi, hadi usumbufu unaposhuka na kukaribia sifuri.

Katika ya tano huimarishwa ile imani njema aliyoichagua. Katika ya sita huupitia mwili wake kwa fikra, toka utosini hadi nyayoni, kuona kama kuna mkazo uliobaki. Ya saba ni kufunga kikao, kwa kuwa mtu hapaswi kurudi nyumbani akiwa katikati ya dhoruba, hata kama kazi haijakamilika. Ya nane hufanyika mwanzoni mwa kikao kinachofuata, kupima yaliyodumu na yaliyosalia.

Kikao huchukua kati ya dakika 60 na 90. Kwa mtu aliyepatwa na tukio moja, vikao vichache vinaweza kutosha. Aliyeteswa kwa miaka, au tangu utotoni, huhitaji muda mrefu zaidi. Mgonjwa hapewi kazi ya kufanya nyumbani, wala halazimiki kusimulia tukio lote kwa undani. Jambo hili la mwisho lina uzito kwa aliyebakwa, au kwa mwanamume ambaye hajawahi kumwambia mtu yeyote yaliyompata.

Pale ambapo mtu hawezi kufuata kwa macho, mtaalamu anaweza kutumia miguso ya kupokezana katika mikono yake, au mlio unaosikika katika sikio moja kisha la pili. Kwa watoto huongezwa michoro na michezo. Baada ya kimbunga kilichoupiga mji wa Acapulco nchini Mexico mwaka 1997, wataalamu wa nchi hiyo walibuni namna ya kuwahudumia watoto wengi kwa pamoja. Kila mtoto alichora tukio lake, akapishanisha mikono kifuani, akajipigapiga mabega kwa zamu, kushoto na kulia. Namna hiyo ya kujikumbatia imepewa jina la kipepeo.

Si kiinimacho

Watu wengine wakisikia habari za kidole na macho hudhani ni kiinimacho, au kwamba mtu hulazwa usingizi na kuamriwa mambo. Sivyo. Mgonjwa huwa macho, anajua alipo, na ana mamlaka ya kusimamisha kazi. Hakuna kitu kinachofutwa katika kumbukumbu. Mama wa mfano wetu ataendelea kukumbuka milipuko. Kinachotarajiwa ni kwamba ataikumbuka bila mwili wake kukimbia tena.

Kwa nini macho? Maelezo yenye kuungwa mkono na majaribio mengi ni haya: nafasi ya akili ya kushughulika na mambo kwa wakati mmoja ni finyu. Anayejaribu kuishika picha ya kutisha na kufuata kidole kwa pamoja huwa anagawa nafasi hiyo. Picha hukosa mahali pa kutosha, hufifia, hupoa, na huhifadhiwa tena ikiwa na makali kidogo kuliko mwanzo. Wapo wanazuoni wanaoshikilia kwamba uponyaji unatokana zaidi na kule kuikabili kumbukumbu mahali penye usalama, na kwamba mchango wa macho ni mdogo. Mjadala huo haujafungwa. Ambalo halibishaniwi sana ni kwamba wagonjwa wengi hupata nafuu.

Tiba hii ina mipaka. Si kila anayetibiwa hupona. Katikati ya tiba ndoto zinaweza kuongezeka kwa siku kadhaa. Anayeishi bado na mtu anayempiga anahitaji kwanza usalama. Wenye kifafa, matatizo ya macho, ujauzito au ugonjwa mwingine wa akili yafaa wamweleze mtaalamu mapema. Wala mtu asijaribu kuyafukua matukio mazito peke yake kwa kutazama video katika simu. Kufungua jeraha ni rahisi kuliko kulifunga.

Tiba nyingine zilizojaribiwa karibu nasi

Mkazi asidhani kwamba akikosa tiba ya macho amekosa tiba. Katika mji wa Moshi na vijiji vyake, na katika eneo la Bungoma nchini Kenya, ulifanyika utafiti uitwao Pamoja Tunaweza, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Ulihusisha watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Washauri wa kawaida wasio na shahada za saikolojia, waliofundishwa na kusimamiwa vyema, waliwahudumia watoto hao katika vikundi kwa tiba ya mazungumzo. Mwishoni mwa matibabu, katika sehemu tatu kati ya nne za utafiti, watoto hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Baada ya mwaka mmoja tofauti hiyo ilibaki Kenya, ilhali Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayolingana.

Nchini Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwasaidia wakimbizi wenzao kuyasimulia maisha yao kwa mpangilio, tangu kuzaliwa hadi sasa, mpaka yale matukio mabaya yakapata mahali pake katika hadithi nzima. Matokeo yalikuwa mazuri. Tunajifunza hapa kwamba uhaba wa wataalamu, ambao ni wa kweli katika nchi zetu, haumaanishi kwamba hakuna linaloweza kufanyika.

Pa kuanzia

Mkazi asitarajie kuikuta tiba ya mjongeo wa macho katika zahanati ya mtaa wake. Inahitaji mtu aliyesomea saikolojia au tiba ya akili, kisha akapata mafunzo ya pekee. Hata hivyo safari huanzia karibu. Nenda zahanati au kituo cha afya cha kata yako ueleze dalili bila kuzificha, ikiwemo ya usingizi na hofu, maana wengi husema wanaumwa kichwa au kifua na kuishia hapo. Omba rufaa ya kuonana na wahudumu wa afya ya akili katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke. Kutoka hapo mgonjwa anaweza kupelekwa Hospitali ya Taifa Muhimbili. Uliza waziwazi: je, kuna mtaalamu wa tiba ya kiwewe, na amefundishwa njia ipi? Mtu yeyote anayejitangaza kutoa tiba ya macho aulizwe amesomea wapi na anasimamiwa na nani.

Penye ukatili wa kijinsia au dhidi ya mtoto, fika Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au ofisi ya ustawi wa jamii. Taarifa kuhusu mtoto zinaweza kutolewa bila malipo kwa simu namba 116. Aliyebakwa awahi hospitali ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hazifanyi kazi zikichelewa zaidi ya hapo. Na yeyote anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Jihadhari na vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa bila cheti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri kwamba dawa za kutuliza za jamii ya daiazepamu zisitumiwe kupunguza dalili za kiwewe kwa watu wazima katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Usingizi wa dawa hauponyi kumbukumbu, na mazoea yake ni magumu kuyaacha.

Wajibu wa jirani

Balozi wa nyumba kumi, mwalimu, shekhe, mchungaji, kungwi na dereva mwenza wa kijiwe ndio wanaofika kwanza penye tukio, kabla ya daktari yeyote. Huduma ya kwanza ya nafsi ina mambo matatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Angalia kama mtu yuko salama na nani amezidiwa. Msikilize bila kumlazimisha asimulie. Muunganishe na ndugu zake, chakula, malazi na huduma. Kumshurutisha mtu aeleze yote siku ile ile ya msiba hakumkingi na kiwewe.

Sala na dua zina nafasi yake, na wagonjwa wengi huzipata nguvu humo. Tiba haizipingi. Kinachoumiza ni kumzuia mtu asiende hospitali kwa hoja kwamba imani yake ni haba.

Watoto waliopotezana na wazazi wao siku ile ya Aprili 2009 sasa ni watu wazima. Baadhi yao wana watoto wao. Ikiwa mmoja wao anasoma makala haya na bado hulala na taa ikiwaka, ajue kwamba miaka iliyopita haijaufunga mlango. Kumbukumbu ya zamani nayo hutibika. Ajue pia kwamba kulitaja jambo hilo kwa mhudumu wa afya ya kata yake ndiyo hatua ya kwanza.